Kashata ya Pili na Vifungo Vitatu

Sogeeni. Mwenye uji jikoni akauepue kwanza, maana hii nikiianza simngoji mtu, na nikiimaliza nitawadai jibu. Waliosoma mpaka chuo wakae mbele, tuone leo kama vyeti vinasaidia. Sisi tuliotoka darasani mapema tutakaa nyuma tukiwacheka.

Katika mji wa Kisangule, mji ambao treni huupigia honi na kuupita bila kusimama, walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nasema kipaji, sisemi elimu. Elimu mtu hupewa. Hiki walizaliwa nacho.

Wa kwanza alikuwa Kobelo, na kipaji chake kilikuwa mkono. Mtu mfupi, mpole, baba wa watoto wanne, anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Lakini akiinama shambani, hapo ndipo unamwona mwanamume. Fimbo aliyoichomeka ardhini kumfungia mbuzi ilichipua majani. Mchicha wake ulikuwa na wateja kabla haujaota. Majirani walikuja kumwazima kama watu wanavyoazima jembe: njoo Kobelo, tupandie hata mstari mmoja, mingine tutaiga.

Wa pili alikuwa mwanamke, na kipaji chake kilikuwa jicho. Jina lake Sikujua. Msicheke, ndilo jina, alipewa na bibi yake, kwa sababu mama mtu alipoulizwa mimba ina miezi mingapi alijibu hivyo hivyo. Sikujua aliuza vitu vidogo vidogo stendi na uwanja wa mpira, sinia kichwani. Akikutazama mara moja amejua umeamkaje, umegombana na nani, na unataka nini hata kabla wewe mwenyewe hujajua. Siku moja askari alivaa kanzu na kofia ili asitambulike. Sikujua akamwamkia kutoka ng'ambo ya barabara, shikamoo afande, na afande wa watu akarudi nyumbani kubadilisha nguo.

Wa tatu alikuwa Mbaruku, na huyu ndiye tutakayemfuata mpaka mwisho. Kipaji cha Mbaruku kilikuwa sikio. Alipika kashata za karanga, lakini hakuwa akiitazama sukari, aliisikiliza. Sukari ikichemka ina sauti yake, na inafika wakati sauti inabadilika, inakuwa nzito, kama mtu aliyeacha utani. Hapo ndipo Mbaruku alipomimina karanga. Wapishi wengine walisubiri rangi, na anayesubiri rangi ameshachelewa. Kashata ya Mbaruku haikunata kwenye jino wala haikuyeyuka mfukoni. Ukiivunja ilitoa mlio mmoja, kap, basi.

Tatizo lake lilikuwa moja tu. Alijua, na alijua kwamba anajua. Mteja akitafuna haraka haraka alimkemea: taratibu, ndugu yangu, hizo unazomeza si karanga, ni kazi. Ukimwita mpishi hakuitika. Ukimwita fundi, aligeuka hata kama ulikuwa unamwita fundi baiskeli wa jirani.

Sasa sikilizeni walivyoharibu.

Kobelo alikuwa ameanza kupanda, katikati ya mahindi yake, lile jani ambalo serikali haitaki kuliona. Wazo la kulitia kwenye kashata lilikuwa la nani, hapo msisumbuke. Wakiulizwa, Kobelo husema yeye alikuwa na jani tu. Mbaruku husema yeye alikuwa na sufuria tu. Sikujua husema yeye alikuwa na wateja tu. Na wote watatu wanasema kweli.

Bila Kobelo, hapakuwa na kitu cha kupikwa. Wengine walijaribu kupanda jani hilo kwenye udongo wa Kisangule likaota kama nyusi za mzee. La Kobelo lilisimama likawazidi urefu mahindi yaliyolificha, mpaka ikabidi aliinamie, aliinamishe, alibembeleze lirudi chini.

Bila Mbaruku, jani lingebaki jani. Lilikuwa chungu, na harufu yake ilipiga hodi kabla ya mwenye nayo. Mbaruku alilizika ndani ya sukari na karanga hata ulimi usijue kuna mgeni. Mtu alikula, akajilamba vidole, akaenda zake, na mji ukaanza kucheza chini ya miguu yake akiwa ameshafika sokoni.

Bila Sikujua, kashata zingeoza kabatini. Kitu kama hicho huwezi kukipigia kelele stendi. Jicho lake lilichagua nani aonyeshwe na nani apitwe, na kwa muda wa mwaka mzima halikukosea hata mtu mmoja.

Walikuwa na utaratibu. Kwenye sinia, upande wa kulia zilikaa kashata za kawaida, ambazo hata mtoto angekula. Upande wa kushoto, chini ya gazeti, zilikaa zile nyingine. Mteja anayejua hakutaja jina la kitu. Alisema tu, dada, naomba ya pili. Neno dogo, safi, halina harufu. Neno hilo alilitunga Mbaruku, na alijisifia nalo kama vile ameandika katiba.

Ikaja fainali ya kombe la kata. Refa alikuwa Bwana Mwikola, mstaafu wa posta, mtu aliyenyooka kama mstari wa chaki, aliyewahi kumpa mpwa wake kadi nyekundu dakika ya kwanza. Wakati wa mapumziko Mwikola alinunua kashata kwa Sikujua. Ya kawaida, ya upande wa kulia. Akaila, akaipenda. Nani asingeipenda? Akamrudia akifuta midomo, akasema, "Dada, nipe ya pili."

Jicho la Sikujua lilimwona refa, mtu mzima, filimbi shingoni, hana dalili yoyote ya mtu wa kushoto. Lakini sikio lilishasikia neno. Siku hiyo akaliamini sikio. Mkono ukaingia chini ya gazeti.

Kipindi cha pili, Mwikola alikionyesha kibendera cha kona kadi ya njano kwa kutikisika ovyo. Akatoa penalti kwa timu zote mbili kwa wakati mmoja. Uwanja mzima uligaagaa kwa kicheko. Kisha akaupanda mlingoti wa goli, akakaa juu ya mti wa juu, akapuliza filimbi na kuwaambia wachezaji waendelee, kwamba kutoka huko juu hakuna faulo itakayompita. Watu wakazidi kucheka. Wakacheka mpaka alipoanguka, na mguu wake ukatoa mlio ambao hata waliokaa mbali waliusikia. Hapo kicheko kikakatika chote. Tangu siku hiyo Mwikola anatembea kwa magongo, na filimbi ameitundika ukutani.

Kabla jua halijazama, wote watatu walikuwa mikononi mwa polisi, pamoja na sinia, sufuria, na gunia la jani. Wakashtakiwa kwa karatasi moja, kosa moja: kutengeneza dawa ya kulevya. Kesi ikasikilizwa miezi kadhaa. Wote watatu wakakutwa na hatia. Ikabaki adhabu, na sheria ilimwachia hakimu uwanja mpana wa kuchagua.

Hakimu akaanza na Kobelo. Huyu alikuwa amekiri tangu siku ya kwanza, kabla hata hajaulizwa. Alikiri jani, akakiri shamba, akakiri na mbuzi wa jirani aliyepotea miaka mitatu nyuma ambaye hakumchukua yeye. Hakimu akamtazama kwa huruma akamuuliza jambo moja tu: katika kazi ile, fundi wao alikuwa nani. Kobelo hakutaka kusema. Lakini alikuwa mtu wa kutii, kidevu chake kikaelekea kwa Mbaruku.

Mbaruku angeweza kunyamaza. Angeweza kuinamisha kichwa kama mtu mwenye aibu. Lakini lile neno lilishamwingia sikioni, na tumeshaambizana sikio lake lilivyo. Akajinyoosha kizimbani, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Fundi ni mimi, Mheshimiwa," alisema. "Na hizo zilizoletwa hapa kama ushahidi ni za sufuria ya mwisho, si nzuri sana. Polisi wangekuja asubuhi."

Hakimu akaandika. Akaandika kwa muda mrefu.

Kisha ikafika zamu ya Sikujua, na hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo mambo yalipojifunga. Polisi aliyeandika shitaka alikuwa ameandika jina lake Siku Juma. Hakumwelewa, au alidhani mwanamke anakataa kujitaja. Miezi yote ile mahabusu Sikujua aliitwa Siku Juma, akavumilia, akiapa kwamba siku atakayoruhusiwa kusema mbele ya mkubwa atalirudisha jina lake. Siku hiyo sasa imefika. Hakimu akasema, Siku Juma, una neno kabla sijatoa adhabu?

"Sikujua," alisema.

"Hukujua?"

"Sikujua, Mheshimiwa."

Hakimu akaiweka kalamu chini. "Yaani hukujua kabisa?"

"Tangu nizaliwe."

Waliomfahamu walitafuna ncha za khanga zao. Mbaruku aliyabana meno mpaka machozi yakamtoka, na askari mmoja akadhani analia kwa majuto. Hakimu akamtazama yule mama aliyesimama wima bila kutafuta maneno, akaona ukweli usoni mwake. Na kweli ulikuwepo, ila si ule aliouona.

Kobelo, miaka sita, kwa sababu alikiri na hakuisumbua mahakama. Sikujua, miaka miwili, kwa sababu alitumiwa bila kujua. Mbaruku, miaka kumi na miwili, kwa sababu ndiye fundi, na kwa kinywa chake alijivunia.

Sikujua mwenyewe alielewa kilichotokea wakiwa ndani ya karandinga. Alitaka kugonga bati dereva arudi. Mbaruku akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini akae atulie, bibi yake amemfanyia wakili ambaye hata matajiri hawampati.

Basi wakafungwa. Kobelo alipelekwa bustani ya gereza, na mwaka huo wafungwa walikula mboga mpaka wakaomba kupumzishwa. Mbaruku akapelekwa jikoni. Aliwapikia watu mia nne maharage na ugali, na kama kawaida yake akawa anasimama mlangoni kuangalia nani anatafuna bila heshima. Yote hayo aliyamudu. Kitu kimoja kilimshinda. Alimwacha nyumbani binti yake, Hidaya, akiwa na miaka mitano. Alipopiga hesabu, siku ya kutoka atamkuta na miaka kumi na saba, msichana mzima, ambaye amekua bila kumsikia baba yake akimsifia sufuria.

Miaka miwili ikaisha, Sikujua akatoka. Wiki iliyofuata akaja kuwatembelea wenzake, akawaletea sabuni. Alikuwa amevaa nguo zake mwenyewe. Mbaruku alilitazama lile gauni la maua kuliko alivyoitazama sabuni. Usingizi ukampaa.

Palikuwa na mfungwa aliyeitwa Karani, kwa kuwa kabla ya balaa zake aliwahi kuwa karani wa mahakama. Ndiye aliyewaandikia wafungwa rufaa. Mbaruku akamwendea akaanza kumweleza kwamba kashata hazikuwa kali kihivyo. Karani akamkatiza. Alimwambia asipoteze wino kubisha kosa, kosa lipo na mguu wa refa upo. Kilichopo ni kulinganisha. Watu watatu, karatasi moja, kazi sawa, vifungo mbalimbali. Adhabu ya wenzako, alisema Karani, ndiyo rula yako. Mwambie jaji apime.

Akaandika hoja ya kwanza, akamsomea: kwamba mrufani hakuwa fundi bali alikuwa mkorogaji tu kama mkorogaji mwingine yeyote.

Mbaruku akaichukua karatasi, akaitazama juu na chini, akairudisha.

"Andika upya."

"Kipi kimekosewa?"

"Hapo kwenye mkorogaji. Mkorogaji ni wewe."

"Wewe Mbaruku, unataka kutoka au unataka sifa?"

"Vyote viwili."

Karani alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwambia taratibu kwamba ni neno moja tu, na kwa upande wa pili kuna miaka kumi na mtoto. Mtu mwenye akili angelitoa neno. Mbaruku akasema atafikiri. Siku ya nne akiwa anasonga ugali, mvuke usoni, jambo likamjia akauacha mwiko umesimama ndani ya sufuria na kumfuata Karani mpaka bwenini.

"Andika hivi. Mimi ni fundi. Kobelo naye ni fundi, fundi wa udongo. Sikujua naye ni fundi, fundi wa watu. Mafundi watatu. Kwa nini mmoja alipie ufundi na wengine wasilipie?"

Karani akaonya. Alisema kwa kawaida mtu anayetaka kulingana na wenzake hujishusha, hawapandishi wao. Ukiwapandisha, huwezi kujua jaji atawafanya nini. Mbaruku akajibu kwamba hajawahi kujishusha, hajui hata ngazi inashukwa kwa mguu upi. Rufaa ikaenda hivyo hivyo.

Siku ya kusikilizwa, jaji alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imening'inia kwenye mkufu. Mbaruku alijitetea mwenyewe. Kobelo aliletwa pia, kwani kifungo chake kingetajwa. Sikujua alikuja kwa miguu yake, akakaa benchi la wasikilizaji. Nyuma kabisa, magongo yakiwa yameegemea ukuta, alikaa Bwana Mwikola.

Mbaruku akasema, na siku hiyo alisema kuliko siku zote. Aliueleza mkono wa Kobelo mpaka jaji akatamani kuona hiyo fimbo iliyochipua. Alilieleza jicho la Sikujua mpaka askari wa mlangoni akajikagua kanzu asiyoivaa. Akafika kwake mwenyewe, akajieleza bila haya, kwa urefu zaidi kidogo. Akamalizia kwamba katika kazi ile hapakuwa na bwana na mtumwa. Mtoe yeyote mmoja, hakuna kashata. Basi kama ni sawa katika kazi, wawe sawa katika adhabu. Naye anaomba apimwe kwa rula ya miaka miwili, ambayo ameshaimaliza.

Watu wakatingisha vichwa. Ilionekana anakwenda nyumbani.

Akainuka wakili wa serikali, kijana, suti imemkaa vizuri, na kwa maneno machache akaubomoa mnara wote. Alisema mshtakiwa wa tatu, Siku Juma, alipewa miaka miwili kwa sababu moja, iliyoandikwa kwenye jalada: hakujua. Ikiwa kweli hakujua, basi hakuwa sawa na mrufani, na rula hiyo si yake. Na ikiwa mrufani anasema mwenzake alijua, basi mwanamke yule aliidanganya mahakama, na serikali itaomba adhabu yake ifunguliwe upya.

Jaji akavaa miwani. "Mrufani, swali ni jepesi. Mwenzako alijua au hakujua?"

Mbaruku akageuka. Sikujua alikuwa pale benchini na gauni lake la maua. Akigeuka upande huu, moyoni anamwona Hidaya na miaka yake. Neno moja la kweli, na yuko huru, ila mwenzake huenda akarudi ndani. Neno moja la uongo, na mwenzake amesalimika, ila yeye anarudi jikoni kwa miaka kumi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Mbaruku akainamisha kichwa mbele ya watu, na wasikilizaji wakatazamana kana kwamba treni imesimama Kisangule.

"Mheshimiwa Jaji," alisema mwishoni, "mimi nilikuwa naisikiliza sukari. Nani alijua nini, sikusikiliza. Hiyo rula ya miaka miwili naiondoa. Nipimwe kwa ya Kobelo."

Hivyo ndivyo alivyoitupa. Alikuwa ameishika mkononi, na aliitupa.

Kobelo akasimama bila kuitwa, akaomba radhi kwa kusimama, kisha akaomba radhi kwa kuomba radhi. Akasema kuna jambo. Wakati ule hakimu alipouliza fundi ni nani, kidevu kilichoelekeza kilikuwa chake, na kama kingetulia, Mbaruku asingejibu. Halafu akasema jambo lililowashangaza wote.

"Mimi sikukiri kwa wema. Nilikiri kwa woga. Kama niliondolewa miaka kwa ajili ya woga, basi nirudishiwe, na yeye apunguziwe."

Jaji alikuwa bado hajamaliza kuandika hayo, benchi la wasikilizaji likalia. Sikujua amesimama. Askari akamwonyesha akae, hakukaa.

"Mheshimiwa, mimi ndiye huyo mnayemsema. Naitwa Sikujua. Ni jina. Waliliandika vibaya, nikawa nalisahihisha. Lakini kujua, nilijua yote, na yule baba wa watu nilimpa kwa mkono wangu."

Ilianza minong'ono, ikafuata kicheko, hata yule wakili kijana alijifunika uso kwa jalada. Jaji akalifungua lile jalada la zamani, akaisoma upya ile mistari ya hakimu na Sikujua, akauma mdomo. Kisha kicheko kikaisha, kwa kuwa watu walitambua alichokifanya. Mwanamke huyu alikuwa huru, kifungo amekimaliza, hakuna aliyemuuliza, na amefungua mlango wa gereza kwa mkono wake mwenyewe.

Jaji akauliza kama aliyeumizwa ana neno. Mwikola akainuka taratibu, gongo moja, gongo la pili. Alisema hana maneno mengi, miaka yake yote alizoea kuamua kwa filimbi.

"Mguu wangu ulivunjika mara moja," alisema. "Haukuvunjika kidogo kwa huyu na sana kwa yule." Akakaa.

Jaji akaivua miwani. Akasema sheria inamtaka apime kwa rula, na mbele yake sasa zimelala rula tatu. Moja ilikatwa na kosa la jina. Moja ilikatwa na woga. Moja ilikatwa na majivuno. Na mpimaji hawezi kuzitumia zote tatu. Akasema atasoma hukumu baada ya siku kumi na nne, akainuka.

Mkidhani Mbaruku alirudi gerezani kichwa chini, hamumjui. Alirudi amenyooka. Alimtafuta Karani, akamweleza kila neno, akamuuliza jambo moja tu: je, katika jalada la rufaa, kwa mkono wa jaji, imeandikwa kwamba Kisangule kulikuwa na mafundi watatu? Karani akasema bila shaka imeandikwa, jaji huandika kila kitu. Basi, akasema Mbaruku, hata wakinirudisha jikoni, hilo Hidaya atalisoma.

Sasa nawageukia ninyi. Waliosoma mpaka chuo, bado mpo? Mmenyamaza ghafla.

Ukisema wote wapewe miwili, Mbaruku anakwenda kwa mwanawe leo hii, lakini umemwachia huru mtu kwa sababu mwenzake ana jina la kuchekesha, na Mwikola yupo pale nyuma anautazama mguu wake. Ukisema wote wapewe sita, Sikujua anarudi ndani kwa kusema ukweli ambao hakuna aliyemlazimisha, na sijui nani tena atathubutu kusimama benchini. Ukisema wote kumi na miwili, umemwongezea Kobelo kwa kuwa amekuwa mkweli kuhusu woga wake. Na ukisema yaachwe yalivyo, basi unaniambia kwamba kulijibu jina la fundi ni kosa kubwa kuliko kulima jani, na kubwa kuliko kumpa refa mkononi.

Au labda unataka kumpunguzia mmoja tu. Haya, yupi? Aliyeitupa rula iliyokuwa inamtoa? Aliyeomba miaka arudishiwe? Au aliyekuwa nje tayari, akasimama?

Siku kumi na nne zimekwisha. Jaji amekaa, miwani usoni, Mbaruku amesimama kizimbani amefunga kifungo cha juu, na kalamu ya jaji nimekupa wewe. Unamkatia nani, na unamkatia mingapi?